Siku Niliyomvika Koti Marehemu

Katika miaka ile ya vita, sisi vijana wa Changamwe tuliojiita watu wa vitabu tulikuwa watano, na koti letu lilikuwa moja.

Lilikuwa koti la kijivu, zito, lenye mifuko ya ndani na ya nje. Mtu mmoja alilipimisha kwa fundi cherehani, akalijaribu, akasema atarudi kesho, akasafiri moja kwa moja. Fundi huyo alikuwa mmoja wetu, na barazani kwake ndiko tulikokutana kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri kusomeana tulichoandika. Sijui nani alianza, lakini ikawa desturi kwamba mwenye zamu ya kusoma hulivaa koti lile juu ya kanzu yake. Asiyelivaa hasomi. Ukishalivaa, hata ukiwa mimi, mwenye kifua cha njiwa, sauti yako ilishuka kidogo na watu wakaacha kutafuna.

Mimi nilikuwa naandika riwaya. Nasema hivyo leo kwa utulivu, lakini siku zile nilikuwa nikilitamka neno hilo huku nikitazama mbali. Shujaa wangu alikuwa kijana mpole mwenye huzuni nyingi, na katika sura ya saba alikimbilia vilimani, akatokea mahali penye vigango, zile mbao za kuchonga ambazo watu wa vilimani huwasimamishia wazee wao wa heshima waliokufa. Nilizichora mbao hizo kwa wino wote niliokuwa nao. Nilizipa meno ya nguruwe mwitu. Nilizipa macho ya moto.

Nilikuwa nimefika katikati ya sura, koti mwilini, mkono mmoja hewani, mwalimu wa shule aliponikatiza. Mwalimu alikuwa mwenzetu mkubwa kwa umri, na mwenye tabia ya kusikiliza akiwa amefumba jicho moja.

"Umeviona wewe vigango?"

"Nimeviona."

"Kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu, wallahi."

Sikuwa nimeviona. Nilikuwa nimevisikia. Lile wallahi lilinitoka kama chafya, na kama chafya, halikurudi.

"Vyema," mwalimu akasema. "Babu yangu akinunua nazi huko juu, na mimi nilifuatana naye tangu ningali mdogo. Ijumaa ijayo utatumalizia sura yako, kisha nitakuuliza maswali mawili matatu. Ukishindwa kuyajibu, usitusomee tena. Mtu anayeapa uongo kwa ajili ya mbao, akifika kwenye mambo ya mapenzi atatuapia nini?"

Wenzangu walicheka, kisha wakakubaliana naye, jambo lililoniuma zaidi. Kwangu kusoma pale barazani kulikuwa ndiyo riwaya yenyewe. Mchapishaji sikuwa naye, wala karatasi. Karatasi zilikuwa adimu kwa sababu ya vita, na sura yangu ya saba niliiandika nyuma ya fomu za mizigo alizonipa karani wa reli, mwenzetu wa barazani, kurasa nane zilizojaa hadi pembeni. Nakala ya pili haikuwako. Kama singesoma barazani, shujaa wangu angebaki na huzuni yake peke yake.

Basi nikaamua kwenda kuviona Alhamisi, siku moja kabla.

Jumatano jioni nilipita kwa fundi kuomba koti. Nilimwambia nataka kulizoea kabla ya Ijumaa. Ukweli ni kwamba niliona aibu mwandishi kwenda kutazama kitu muhimu akiwa na kanzu tupu. Fundi alilikung'uta, akanivika mwenyewe, akalivuta nyuma mara mbili kama mtu anayefunga punda, akasema, "Lirudi kama lilivyo."

Nikakunja sura yangu ya saba, nikaitia mfuko wa ndani, na alfajiri nikapanda gari la moshi kwenda Mazeras.

Mama mmoja aliyeketi mbele yangu, mwenye kikapu cha dagaa mapajani, alinitazama tangu stesheni ya Changamwe mpaka tulipoanza kupanda mlima.

"Waenda kuoa, mwanangu?"

"La, mama. Naenda kutazama."

"Kutazama nini?"

"Mbao."

"Mbao ziko Changamwe tele," akasema, na tangu hapo akakivuta kikapu chake upande wa pili.

Kutoka Mazeras nilishika njia ya miguu kuelekea vilima vya juu ya Rabai. Asubuhi ilikuwa nzuri kupita kiasi. Mihogo ilikuwa na umande, na nilipogeuka nyuma nikaona maji ya hori ya bahari yamelala huko chini, yakimeta, na nyuma yake Mombasa nzima, ndogo, kama kitu kilichosahauliwa juu ya meza. Nilisimama nikatunga sentensi juu yake. Nilisimama tena nikaitengeneza. Baada ya sentensi ya nne jua likawa limepanda na koti likaanza kunipika.

Katika mnazi mmoja kando ya njia kulikuwa na mgema kazini. Nilimwona nyayo tu.

"We mjomba!" akaita. Watu wa vilimani hutuita sisi Waislamu wa pwani wajomba, na hulitamka neno hilo kwa heshima au kwa kejeli kulingana na unavyoonekana siku hiyo. "Siku hizi mwatembea na blanketi?"

"Ni koti."

"Waumwa?"

"Siumwi. Natafuta vigango."

Akanyoosha mguu mmoja, akanionyesha njia kwa kidole gumba cha mguu: nipite mikorosho mitatu, nipinde kwenye kichuguu, nitaona boma lenye nyumba nne za makuti. "Ukifika piga hodi," akasema. "Usiingie kama mbuzi."

Nilifika, nikapiga hodi. Hapakuwa na mtu, wote walikuwa mashambani, na kuku ndio waliokuja kunipokea. Nikapiga hodi ya pili nikizunguka nyumba, na hapo nikamwona mzee mmoja kwenye kivuli, ameegemea mbele kidogo, kimya.

"Shikamoo, mzee."

Hakujibu. Nikaongeza sauti. "Shikamoo, mzee!" Kimya. Mimi nimelelewa katika nyumba ambayo shikamoo isiyojibiwa ni kesi, na mara ya tatu niliitoa kwa ukali ambao haufai kabisa katika shikamoo. Ndipo jicho langu lilipozoea kivuli, nikaona kwamba mzee yule hana miguu, hana mikono, na kwamba nyuma yake wako wenzake wanane.

Nilikuwa nimefika.

Uwanja ulikuwa umefagiwa. Mbao zilisimama ardhini kwa safu isiyonyooka, nyingine ndefu kunizidi, nyingine fupi kama mtu aliyechuchumaa. Kila ubao ulikuwa bapa, mwembamba, na juu yake kichwa cha duara kama kisahani, chenye macho, pua, na mdomo uliokatwa kidogo tu. Chini ya shingo mwili mzima ulijaa pembetatu ndogo zilizochongwa kwa safu, kwa subira ambayo mimi sikuwahi kuwa nayo katika ukurasa hata mmoja. Nyingine zilikuwa zimefungwa vipande vya nguo kiunoni na shingoni, vilivyochakaa mpaka vikawa rangi ya chai. Niliviona vipande hivyo, lakini sikuviuliza kitu, kwa sababu nilikuwa natafuta meno.

Meno hayakuwako. Nilizunguka ubao mmoja mmoja, nikainama, nikachungulia. Hakuna aliyekuwa na jino la nguruwe, wala jicho la moto. Nyuso zile zilikuwa nyuso za watu wanaosikiliza mazungumzo yasiyokuhusu. Mmoja alikuwa ameliwa na mchwa shavu moja, na hata yeye alionekana ameshalizoea jambo hilo. Nikasimama katikati yao, sura yangu ya saba imenibana kifuani, nikajua kwamba kila neno lililomo ni upuuzi, na kwamba mwalimu alilijua hilo Ijumaa nzima akiwa amefumba jicho.

Ilikuwa lazima niiandike upya papo hapo. Lakini kwanza nilikuwa natota jasho, adhuhuri ilikuwa imeingia, na huko bondeni nilisikia maji. Nikavua koti nitawadhe na kuswali. Chini palikuwa na vumbi na kuku, na miti ya pale ilikuwa na miiba. Ubao uliokuwa karibu, na mrefu wa kufaa, ulikuwa wa yule mzee niliyemwamkia.

Nikamtundikia. Likateleza, kwani kigango hakina mabega. Nikamtundikia tena na kufunga kifungo cha juu ili lishike. Likaning'inia upande. Nikafunga na cha pili, nikanyoosha mikono miwili ya koti pembeni, nikalivuta nyuma mara mbili kama fundi anavyofanya. Kisha nikarudi hatua tatu kutazama. Wallahi, na hii ni wallahi ya kweli, lilimpendeza kuliko mimi.

Nikaenda bondeni. Nilitawadha, nikaswali, nikakaa kidogo na miguu ndani ya maji nikitafuta neno la kueleza nyuso zile. Nilikuwa nimekaribia kulipata niliposikia vigelegele kutoka bomani.

Nilipanda mbio. Mbele ya ubao wangu alisimama mama wa makamo, mnene, jembe begani, hando lake, ile sketi ya marinda ya wanawake wa vilimani, likitikisika kiunoni kwa furaha aliyokuwa nayo. Kando yake walikuwa wanawake wawili wakipiga vigelegele kwa zamu. Aliponiona na kanzu iliyolowa, akatupa jembe.

"Ni wewe, mjomba?"

"Ni mimi nini, mama?"

"Uliyemvika baba yangu."

Nilimtazama yeye, nikautazama ubao. "Mama, mimi nilitundika tu. Kulikuwa na joto."

"Ndiyo. Wewe una joto, yeye ana baridi. Umefahamu vizuri kabisa."

"Baridi? Jua hili?"

"Baridi ya huko hailijui jua la huku." Akanieleza, akinishika mkono kama mgonjwa, kwamba babake alikuwa amemjia binti yake mwingine ndotoni mara tatu, akitetemeka na kulalamika kwamba amesahauliwa. Na wao wangefanya nini? Nguo hazikupatikana. Maduka yote ya Mazeras hayakuwa na kaniki wala bafta, watu wenyewe walivaa viraka juu ya viraka, na kwa miaka miwili hawakupata hata kipande cha upana wa mkono wakamfunga mzee wao kiunoni. "Wewe umetoka pwani umemletea koti zima. Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Mama, nisikilize. Nilifunga vile vifungo kwa sababu lilikuwa likianguka..."

"Amemfunga vifungo!" akawageukia wenzake. "Mmesikia? Mpaka vifungo!"

Vigelegele vikaanza upya.

Vigelegele hivyo vilimleta mzee mmoja mfupi kutoka shamba la karibu, akitembea upesi kuliko fimbo yake. Alikuwa mdogo wake marehemu. Alimzunguka kakake kutoka kulia, akamzunguka kutoka kushoto, akapapasa kitambaa kwa vidole viwili.

"Linambana," akasema.

"Linambana wapi, baba mdogo?" mama akauliza. "Hana mabega."

"Ndilo ninalosema. Nguo ya mabega apewe mwenye mabega." Akajinyoosha. "Mimi ninayo mawili."

"Wewe ulimnyima ugoro alipokuwa hai, leo wamtaka koti?"

"Ugoro si koti."

"Nguo iliyofungwa kwa kigango haifunguliwi, na wewe ndiye uliyenifundisha."

"Nilikufundisha habari ya vitambaa," mzee akasema kwa uchungu. "Sikujua kwamba yatakuja makoti."

Hapo ndipo nilipofahamu. Vile vipande vya rangi ya chai vilikuwa nguo za wazee. Kumfunga kigango kitambaa ni kumvika aliyelala pale, na akishavikwa, nguo ni yake mpaka jua na mvua zimalize kazi yao. Koti la baraza lilikuwa limekwisha kuwa la mtu mwingine. Lakini sikuwa na nafasi ya kulililia koti, kwa sababu nilikumbuka mfuko wa ndani.

"Mama," nikasema, "koti alichukue, na alivae kwa afya. Lakini mfukoni mna makaratasi yangu."

"Kilichomo mfukoni ni chake pia."

"Makaratasi tu, mama! Kurasa nane. Hayana joto lolote."

"Ni yake. Ila waweza kuomba. Baba akiombwa vizuri alikuwa akitoa."

Baba mdogo, aliyepata matumaini mapya ya namna isiyojulikana, akaenda akarudi na kata ya tembo la mnazi. Alininyooshea.

"Mimi sigusi tembo, mzee. Samahani."

"Nani amekuambia unywe? Ni la kummiminia yeye."

"Hata kumimina siwezi."

"Basi atamimina baba mdogo," mama akaamua, "na wewe mimina maneno. Lakini yawe ya kweli. Baba hakuwapenda watu wa kuzungukazunguka."

Mzee akamimina tone moja chini ya ubao, akanywa kilichobaki, akafuta midomo, akaniashiria kwamba ni zamu yangu. Nikasimama mbele ya koti letu. Nilikuwa mwandishi, na hii ilikuwa hadhara.

"Ewe uliyetulia katika kimya cha vizazi," nikaanza, "ewe mlinzi wa vilima hivi vya..."

"Sema kama watu," mama akasema.

"Mzee, nimesahau makaratasi yangu mfukoni. Nayataka. Kesho nina kazi nayo."

"Kazi gani?" akauliza baba mdogo.

"Nasema na yeye, mzee."

"Yeye ndiye anayeuliza."

"Kazi ya kusoma. Nisipoyasoma kesho, wenzangu hawatanisikiliza tena."

"Yana nini?"

"Hadithi."

"Ya nani?"

Nilitazama zile nyuso tisa. Ningeweza kusema ya sungura. Lakini nilikuwa nimeambiwa niseme kweli, na ulimi wangu, ulioapa bila kufikiri Ijumaa iliyopita, safari hii ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia.

"Ni hadithi... yenu."

Furaha ilikuwa kubwa. Mama akamwomba babake ruhusa kwa sauti, akapenyeza mkono ndani ya koti bila kugusa vifungo, akatoa kurasa zangu, akanipa. "Soma basi. Asikie mwenyewe alichopewa."

"Hapa?"

"Yeye hawezi kuja Changamwe."

Nikasoma. Nilianza na shujaa wangu akipanda kilima, na huzuni yake, na wanawake wakaguna kwa huruma mahali panapostahili, jambo ambalo halikuwahi kutokea barazani. Nilipoona aya ya meno inakaribia nikaishusha sauti na kurukia kwenye mbalamwezi.

"Umeruka," baba mdogo akasema.

"Mzee, wajua kusoma?"

"Sijui. Lakini jicho lako limeshuka ngazi tatu kwa hatua moja. Rudi."

Nikarudi. Nikasoma yote, kwa sauti ya mtu anayesomewa hukumu: mizimu ya mbao yenye meno kama ya nguruwe mwitu, damu ikiwadondoka videvuni, macho yao makaa mawili ya moto, ikinguruma kwa pamoja hata majani yakanyauka mitini. Nilipomaliza, kuku mmoja alikuwa akitafuta kitu ardhini.

Mama aliketi. Nilidhani amezirai. Kumbe alikuwa anacheka, kicheko cha chini kilichochelewa kupanda, na kilipofika juu wenzake wakaangukiana.

"Baba!" akasema alipoweza. "Baba alikuwa na meno mawili! Moja la juu, moja la chini, na hayakuwa yakikutana!"

"Na macho ya moto!" akapokea mwenzake. "Aliyekuwa akitafuta kuku akamshika paka!"

"Na kunguruma! Yeye, aliyekuwa akimwogopa chura!"

Niliwaomba radhi. Niliwaomba radhi wote tisa, mmoja mmoja, kuanzia yule wa shavu la mchwa. Baba mdogo peke yake hakucheka. Alinivuta kando kwa mkono wa kanzu.

"Mimi nikifa utaniandika?"

"Nitakuandika vizuri, mzee. Hapatakuwa na meno."

"La, la," akasema kwa siri. "Yale ya nguruwe niwekee mimi. Hapa hawaniogopi kabisa."

Mama akasimama, akafuta macho, akamkabili babake. Mzee akamimina tone jingine, akanywa jingine. Tukangoja. Upepo ukapita kwenye mikono ya koti.

"Amesema chukua," mama akasema.

"Amesemaje? Sikusikia kitu."

"Hajasema kitu. Baba akikataa jambo alikuwa akikohoa. Umesikia kikohozi?"

"Sikusikia."

"Basi. Lakini usiondoke na maneno haya kama yalivyo. Keti hapo, uyatengeneze, na yeye asikie."

Nikaketi juu ya jamvi mbele ya marehemu, kalamu ya risasi mkononi. Kwa kuwa kurasa hazikuwa na nafasi, niliandika katikati ya mistari na juu ya maneno niliyoyakata. Mama alisimulia huku akimenya muhogo. Babake alikuwa na minazi mingi, lakini alikataa kuwaachia wengine kazi ya ugema, akapanda mwenyewe mpaka uzeeni, na huko juu akiimba vibaya hata jirani wakajua saa kwa kuziba masikio. Aliogopa chura, akapenda mvua, kwa hiyo masika nzima alikuwa mtu wa furaha asiyetoka nje. Niliandika haya yote. Kila nilipofika mwisho wa ukurasa, baba mdogo aliuliza kama meno yake yameshaingia.

Niliteremka Mazeras mikono mitupu ila sura ya saba, nikalishika gari la alasiri, nikafika Changamwe magharibi. Sikupita njia ya kwa fundi.

Ijumaa nilifika barazani wa mwisho. Wote wanne walikuwa wamekwisha kuketi. Fundi alinitazama mabegani, akanitazama mikononi, akatazama nyuma yangu njiani.

"Koti liko wapi?"

Nikawaeleza. Nilieleza yote, tangu mguu wa mgema. Karani wa reli alicheka mpaka akapaliwa na kahawa. Mwalimu alifumba jicho moja, halafu akafumba na la pili.

"Wiki iliyopita," akasema, "ulituletea meno na damu, nikasema huu ni uongo wa kawaida wa mtu mwenye umri wako. Leo waniambia koti letu limevaliwa na maiti, tena limefungwa vifungo. Apa basi."

"Siapi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu Ijumaa iliyopita niliapa nikiwa sijafika huko hata siku moja. Nimeanza kufunga siku tatu, kafara ya kiapo kile, na leo ndiyo ya kwanza, ndiyo maana sikunywa kahawa yenu."

Nilikuwa nimejitia kitanzi mwenyewe, na mwalimu hakuwa na haja ya kuuliza swali lolote. Alikuwa ameshafungua mdomo kutoa hukumu fundi alipoinua mkono wake wenye kastabini.

"Ngoja. Ulifunga vifungo vingapi?"

"Viwili vya juu."

"Kola ilikaaje?"

"Ilisimama. Shingo yake nyembamba, basi kola ilimzunguka kwa mbali, kama kikombe."

"Na nyuma?"

"Nyuma limeinuka. Ubao umeegemea mbele, kwa hiyo pindo la mbele linashuka na la nyuma linapanda, kama mtu anayeokota kitu."

"Upana wake?"

"Shubiri moja na vidole vitatu. Nilimpima."

Fundi alifumba macho. Vidole vyake vilitembea hewani, vikavuta kitambaa kisichokuwapo, vikabana upande mmoja. "Shubiri moja na vidole vitatu," akanong'ona. "Basi mkono wa kushoto utakuwa umemteremkia. Ule niliukata mrefu kidogo."

"Umeteremka. Unakaribia majani."

Akafumbua macho, akawageukia wenzetu kwa uso wa mtu aliyetukanwa. "Huyu amekwenda. Uongo humvika mtu koti likamkaa sawasawa. Hakuna mtunzi duniani awezaye kubuni koti linavyokaa vibaya namna hiyo."

"Na meno?" mwalimu akaniuliza, polepole.

"Hawana."

"Hawana," akakubali, na kwa mara ya kwanza nilimwona akitabasamu. "Soma."

"Hana koti," karani akasema.

"Koti liko kazini," mwalimu akajibu. "Soma hivyo hivyo."

Nikafungua kurasa zangu nane, zilizojaa mpaka hapakuwa na weupe, nikaanza na mzee aliyeimba vibaya juu ya minazi yake. Hawakutafuna. Nilikuwa katika ukurasa wa pili nilipoona kwamba fundi hasikilizi. Alikuwa ameinuka, anatafuta kitu ndani ya sanduku la nyuzi, akitia sindano, chaki na kipande cha bitana ya kijivu ndani ya mfuko.

"Wafanya nini?" mwalimu akamwuliza kwa hasira.

"Kesho naenda. Siwezi kuiacha kazi yangu ikae hivyo mbele za watu."

"Halifunguliwi," nikamwambia. "Likishafungwa halifunguliwi."

"Nani amesema nitalifungua? Nitalipunguza akiwa amelivaa." Akauma uzi, akautazama mwangani. "Hasogei, haulizi litakwisha lini, wala hasemi atarudi kesho. Miaka yote nimemtafuta mteja kama yule."